Sarufi Tatu za Zamenhof: Mbunifu wa Lugha mbele ya Watumiaji Wake, 1878–1894

Historia ya Kiesperanto husimuliwa mara nyingi kana kwamba Ludwik Zamenhof alibuni lugha moja, akaichapisha Warsaw mwaka 1887, na kazi ikaishia hapo. Ukweli ni kwamba aliunda walau sarufi tatu, na mbili kati ya hizo aliwawekea watumiaji wake mezani ili wachague. Makala hii inalinganisha sarufi hizo na kujenga hoja kwamba kilichoamua hatima ya lugha hiyo si wepesi wa kanuni zake, bali mazoea ya wale waliokwisha kujifunza.

Sarufi ya kwanza, Lingwe Uniwersala, ilikamilika mwaka 1878 Zamenhof akiwa bado mwanafunzi wa sekondari. Vipande vichache vilivyosalia vinaonyesha wingi wa nomino ukiundwa kwa -s, na kibainishi nacho kikibadilika kufuata wingi: la, las. Kwa miaka kadhaa aliijaribu kwa kutafsiri na kutunga, akiacha kila kilichomkwaza.

Sarufi ya 1887, yenye kanuni 16, ilikifanya kibainishi la kisibadilike kamwe, lakini ikaongeza mzigo kwingine. Katika Mi legas bonajn librojn (nasoma vitabu vizuri), j ya wingi na n ya yambwa hujitokeza mara mbili, kwenye kivumishi na kwenye nomino. Msemaji wa Kiswahili hatashangazwa na kurudiwa kwa wingi, kwa kuwa vi- ya vitabu vizuri hufanya kazi iyo hiyo. Kigeni kwake ni ile n, maana Kiswahili hutambulisha yambwa kwa nafasi yake katika sentensi na kwa kiambishi ndani ya kitenzi. Faida ya n ni uhuru wa mpangilio: La hundo mordis la katon na La katon mordis la hundo zote humaanisha kuwa mbwa alimng'ata paka. Hasara yake ilijitokeza mapema. Neno kian (lini) liligongana na umbo la yambwa la kia (wa namna gani), ambalo nalo ni kian. Mwaka 1888 Zamenhof alibadilisha vielezi vyote vya wakati vya kundi hilo, na kian ikawa kiam.

Marekebisho hayo madogo hayakuwatosha baadhi ya wafuasi. Mwaka 1894, kwa shinikizo lao, Zamenhof alichapisha katika jarida la La Esperantisto mapendekezo yaliyoigusa lugha nzima: herufi zenye alama juu ziondolewe, kibainishi kifutwe, n ya yambwa iachwe, vivumishi visipatanishwe tena na nomino, na wingi uundwe kwa -i. Kwa kipimo cha mofolojia peke yake, hii ndiyo iliyokuwa nyepesi kuliko zote. Waliojiandikisha kupokea jarida wakapiga kura. Kati ya kura 264, 157 zilitaka lugha ibaki ilivyo.

Matokeo hayo hayapaswi kusomwa kama hukumu ya kisayansi. Waliopiga kura ni watu waliokwisha kugharimika kujifunza, wenye vitabu na barua katika lugha hiyo. Mwanafunzi wa kesho, ambaye wepesi ungemfaa zaidi, hakuwa na kura. Hata hivyo waliulizwa. Kiunguja kilipoteuliwa mjini Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya kukisimamia ilipoundwa mwaka 1930, uamuzi ulikuwa wa watawala, wamisionari na wataalamu. Wasemaji wa Kimvita, lahaja yenye fasihi kongwe, hawakupigishwa kura. Watumiaji wa Kiesperanto walikuwa wachache mno wakilinganishwa nao, lakini hakuna aliyeweza kuwaamulia, hata mbunifu mwenyewe.

Mwaka 1905, katika kongamano la Boulogne-sur-Mer, sarufi ya 1887 ilithibitishwa kuwa msingi usioguswa. Miaka miwili baadaye mapendekezo kadhaa ya 1894 yalirudi kwa mikono ya wengine, katika lugha iliyoitwa Ido: herufi zenye alama ziliondolewa, upatanisho wa vivumishi ukafutwa, wingi ukawa -i, na n ikabaki tu pale yambwa inapotangulia kiima. Zamenhof hakuifuata. Aliendelea kuandika kwa n na j zake hadi alipofariki mwaka 1917.