Mizizi ya Kwetu: Miti, Makaburi na Picha za Wazee

Jiji la Dar es Salaam limejaa majina ya miti. Kinondoni kuna Mkwajuni na Mikocheni. Magomeni kuna Mwembechai, Temeke kuna Mwembe Yanga, Kurasini kuna Mivinjeni. Mabibo imebeba jina la tunda la mkorosho, na Mnazi Mmoja inajieleza yenyewe. Wazee wetu hawakuwa na namba za nyumba wala ramani za mipango miji. Mti mkubwa ndio uliokuwa anuani, kituo cha kupumzikia, baraza la kusuluhishia ugomvi na alama ya mpaka wa shamba.

Mingi ya miti hiyo haipo tena. Mwombe kijana wa Mikocheni akuonyeshe mkoche. Huenda akakuuliza mkoche ni nini. Huku kwetu, kuanzia Kunduchi hadi Mbweni, Boko na Bunju, bado tumebakiwa na kiasi. Ndiyo maana jumuiya imeona mwaka huu tuzungumzie mizizi, ya miti na ya watu, na namna ya kuihifadhi kwa picha kabla haijatupotea.

Mashamba yaliyogeuka viwanja

Sensa ya mwaka 1967 ilikuta watu wasiofika laki tatu Dar es Salaam. Mwaka 2012 walikuwa 4,364,541, na mwaka 2022 walifika 5,383,728. Watu wote hao wanahitaji pa kulala, na mahali palipopatikana ni kwenye mashamba ya minazi, mikorosho na miembe ya wazee wetu. Hatuwezi kulaumu. Wengi wetu tumesomeshwa kwa fedha ya kiwanja kilichouzwa, na wengine tumejenga katika viwanja vya wenzetu. Ila shamba linapokatwa vipande, mara nyingi mti hukatwa kabla hajaulizwa mtu uliota vipi, na kaburi lililo chini yake hupotea pamoja nao.

Miti inatusimulia nini

Mtaalamu wa historia akiingia katika uwanja wa nyumba ya bibi, ataanza kusoma miti. Mbuyu, mkwaju na mkoche ni miti ya Afrika. Mwembe na mwarobaini asili yake ni Bara Hindi. Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazil katika karne ya 16. Mnazi ulifika kwa njia ya bahari kutoka upande wa Asia. Yaani uwanja mmoja wenye kivuli cha miti minne una historia ya bahari mbili ndani yake.

Koo zetu nazo ziko hivyo hivyo. Wapo Wazaramo waliotoka bara kuja pwani, wapo Washomvi wa miji ya pwani, wapo Wandengereko na watu wa Rufiji waliokuja kutafuta kazi, wapo wenye babu wa Kiarabu au wa Kihindi, na wapo waliofika juzi kutoka mikoani. Wote leo ni watu wa hapa.

Mbuyu una tabia yake ya pekee. Mizizi yake hutambaa karibu na uso wa ardhi na kufika mbali, kupita hata urefu wa mti wenyewe. Umri wake nao hauonekani kwa urahisi, kwa sababu mara nyingi una uwazi ndani na pete za shina hazisomeki vizuri. Wataalamu hulazimika kupima kaboni maabara. Tunasema mbuyu ulianza kama mchicha. Lakini aliyeuona ukiwa mchicha hayupo, na kama hakumsimulia mtu, hatuna wa kumuuliza.

Kunduchi na makaburi ya nguzo

Hazina yetu kubwa inayojulikana ni magofu ya Kunduchi. Pale kuna mabaki ya msikiti wa zamani na makaburi ya karne ya 18 yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mengine yakiwa na nguzo zilizopambwa kwa vyombo vya kauri kutoka Uchina. Mibuyu imesimama katikati ya makaburi hayo. Katika makaburi mengi ya aina hii mwambao mzima, bakuli zimeng'olewa, na kilichobaki ni tundu la duara linaloonyesha bakuli lilikaa wapi. Picha iliyopigwa kabla ya kung'olewa ndiyo pekee inayoweza kutuambia lilikuwa la namna gani.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo ya kabla ya mwaka 1863. Makaburi ya mababu zetu waliofariki baadaye hayaingii moja kwa moja katika ulinzi huo. Yapo chini ya Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, inayoruhusu makaburi kuhamishwa pale ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma, baada ya kutolewa tangazo. Sasa tangazo likitoka, atajitokeza nani, ikiwa hakuna anayejua aliyelala pale ni nani? Makaburi mengi ya kwetu hayana jiwe lenye maandishi. Yanajulikana kwa mti, na mti unajulikana kwa mzee mmoja au wawili.

Hata katika fidia mti una neno. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inahesabu miti na mimea iliyotokana na jasho la mwenye eneo kuwa sehemu ya maendelezo yake. Mwembe uliopandwa na bibi ni kazi ya mikono yake. Picha yenye tarehe, yenye jina la aliyepanda na jirani aliyeshuhudia, haigeuki kuwa hati, lakini humpa nguvu mwenye kueleza.

Ukoo kwa upande wa mama

Mtafiti Marja-Liisa Swantz kutoka Finland aliishi Bunju katika miaka ya 1960, na kitabu chake kuhusu mila za Wazaramo kilitoka mwaka 1970. Humo anaeleza nafasi ya mti wa mkole katika kumfunda mwali. Jambo la kutukumbusha ni kwamba kwa desturi ya Wazaramo, ukoo hufuata upande wa mama. Vyeti na vitambulisho vyetu vya leo vinaandika jina la baba na la babu. Anayetafuta asili yake kwa karatasi peke yake, nusu ya ukoo wake itampita. Kwa hiyo tunapokusanya picha, tuanze na bibi, mama yake bibi, na dada zao.

Picha zipo, majina hayapo

Picha za zamani za Dar es Salaam si haba. Walther Dobbertin, mpiga picha Mjerumani, alikuwa na studio mjini hapa wakati wa utawala wa Wajerumani, na picha zake zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani. Mwaka 2008 hifadhi hiyo iliweka maelfu ya picha zake kwenye intaneti, na za Dobbertin zimo. Yeyote mwenye simu anaweza kuzitazama. Tatizo ni kwamba Mzungu aliyemo huandikwa jina, na Mwafrika huandikwa kazi yake tu: mpagazi, askari, mwanamke wa pwani. Walikuwa na majina, na wajukuu wao huenda wako miongoni mwetu.

Tusirudie kosa hilo katika masanduku yetu wenyewe. Picha ya studio ya miaka ya 1960, bibi amevaa kanga na babu amesimama nyuma ya kiti, bila jina nyuma yake, kizazi kijacho kitaiona ni picha ya wageni.

Namna ya kufanya

Kwa mti: piga picha ya mti mzima, ya shina, ya mizizi kwa kuinama karibu na ardhi, na ya mahali ulipo pamoja na nyumba za jirani. Msimamishe mtu kando yake ili ukubwa uonekane. Pima mzunguko wa shina kwa kamba, mita 1.3 kutoka chini.

Kwa kaburi: omba ruhusa ya wenye marehemu kwanza. Nenda asubuhi mapema au jioni, jua likiwa limelala. Maandishi husomeka vizuri zaidi. Usisugue wala kupaka chaki.

Kwa picha ya zamani: usiibandue kwa nguvu kwenye albamu. Ipige picha nakala penye mwanga wa kivuli, bila flashi. Andika majina nyuma kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino. Usitegemee WhatsApp peke yake, maana kwa kawaida hupunguza ubora. Hifadhi nakala mahali pasipopungua pawili.

Kwa yote: andika nani, wapi, lini, na nani aliyesimulia. Mambo ya unyago na jando yabaki kwa wenyewe. Hayo si ya kupigwa picha.

Ombi letu kwa wanajumuiya

Michango ya mwaka huu itasaidia kununua mashine ya kuskani, diski za kuhifadhia, na kuchapa albamu ya kwetu itakayowekwa katika shule za msingi za eneo letu. Walioko mbali, Dar es Salaam, mikoani au ng'ambo, watume fedha na picha walizoondoka nazo. Walioko nyumbani watoe muda wao wakakae na wazee. Siku ya mkutano mkuu kutakuwa na meza ya kupokea picha. Kila picha itanakiliwa papo hapo na kurudishwa kwa mwenyewe. Mwenye mzee asiyeweza kutembea atuambie, vijana watamfuata nyumbani.