Kibaba, Debe na Lumbesa

Nyumbani kwetu, kijiji kisicho mbali na mji wa Singida, palikuwa na debe moja lililoheshimiwa kuliko vyombo vyote. Lilikuwa debe la bati lililowahi kubeba mafuta ya taa, limekatwa mdomo na kutiwa mpini wa mti, na ubavuni lilibonyea mahali lilipoangukia jiwe. Jirani akija kukopa uwele wakati wa njaa, mama alimpimia kwa debe hilo. Baada ya mavuno alirudisha kwa debe hilo hilo, wala mama hakukubali jingine hata kama lilikuwa kubwa zaidi. Utotoni nilidhani ni ubishi wa wanawake wa zamani. Imenichukua miaka mingi kutambua kwamba alikuwa na haki. Ule ubonyeo ulimpunja mkopaji siku ya kukopa, na ukampunja mama siku ya kulipwa, kiasi kile kile. Debe bovu linalojulikana na wote wawili lilikuwa na uadilifu kuliko debe zima la mtu mmoja.

Kabla ya debe kulikuwa na kibaba. Watoto wa shule hadi leo huimba kwamba haba na haba hujaza kibaba, lakini ukiwauliza kibaba ni nini watakutazama tu. Kilikuwa kipimo cha nafaka cha watu wa pwani, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Pishi bado tunaisikia kila mwaka masheikh wanapotukumbusha kutoa zaka ya fitri. Wazee wa pwani walijua pia kwamba kutaja kibaba peke yake hakutoshi: kulikuwa na kibaba cha tele, kilichojazwa hadi kikawa na kichwa, na kibaba cha mfuto, kilichokwanguliwa sawa na ukingo. Aliyeuza alipenda mfuto, aliyenunua alipenda tele, na ugomvi wote ulikuwa katika kile kichwa. Msomaji akiweke akilini kichwa hicho, maana tutakutana nacho tena.

Karne ya kumi na tisa misafara ya biashara ilipita kusini mwa nchi yetu, Ugogo na Kilimatinde, ikielekea Tabora. Pembe zilipimwa kwa frasila, ambayo ni ratili 35 hivi, karibu kilo 16. Nguo zilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ilikuwa shuka, na shuka mbili zilikuwa doti. Hata hongo waliyolipa wenye misafara ili wapite salama ilihesabiwa kwa doti. Lakini mkono wa nani? Mpokeaji akileta kijana mrefu wa ukoo wake apime, na mlipaji akimleta mtumishi wake mfupi, doti ile ile inakuwa nguo mbili tofauti. Naamini muda mwingi wa safari zile uliishia kwenye viwiko.

Baadaye wakaja Wajerumani na kilo zao. Reli yao ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, ikipitia Manyoni na Itigi, na mzigo stesheni ulipimwa kwa kilo. Vita Kuu ya kwanza ikawaondoa. Waingereza wakaleta ratili na wakia, yadi na galoni, na baada ya uhuru wa mwaka 1961 nchi ikarudi kwenye kilo na mita. Mtu aliyezaliwa wakati reli inajengwa, akajaliwa umri mrefu, alijifunza kilo, akaambiwa aisahau, kisha uzeeni akaambiwa aikumbuke. Fedha nayo haikumwachia: rupia na heller, kisha shilingi ya Afrika Mashariki, na kuanzia mwaka 1966 shilingi ya Tanzania. Babu yangu alikuwa wa kizazi hicho. Alitatua matatizo yote hayo kwa kuhesabu mbuzi.

Katika mabadiliko hayo gunia liliponyoka. Zama za Mwingereza gunia la nafaka lilikuwa ratili 200, ambazo ni kama kilo 90, na majirani zetu wa Kenya wameshikilia kilo 90 mpaka leo. Kwetu tukazoea kusema gunia ni kilo 100. Mashambani, hata hivyo, gunia lilikuwa madebe sita, na debe la mahindi makavu si sawa na debe la mahindi mabichi, wala debe la alizeti halifanani na la mtama. Neno ni lile lile, uzito mbalimbali.

Ndipo ikaja lumbesa. Asiyewahi kuiona aende penye soko la vitunguu Singida wakati wa msimu. Gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha juu yake hushonewa wavu au kipande cha gunia jingine na kujazwa tena, likawa na shingo na kichwa kama mtu aliyebeba mzigo. Ni kile kibaba cha tele kimerudi, ila sasa kichwa kina kilo 30 au zaidi. Mwaka mmoja baba yangu mdogo aliuza magunia 14 kwa mfanyabiashara fulani. Kabla lori halijaondoka niliomba tupime moja tu, kwenye mizani ya duka la jirani. Lilikuwa na kilo 138. Baba mdogo alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Mwanangu, ungeniambia kabla sijalima.”

Watu husema lumbesa ni ujinga wa mkulima. Mimi sikubali. Mkulima anajua, ila ana vitunguu vinavyooza na mnunuzi ana lori. Tena mnunuzi si peke yake. Ushuru umekuwa ukitozwa kwa gunia, kuli hulipwa kwa gunia, na nauli ya lori mara nyingi huhesabiwa kwa gunia. Anayejaza magunia matatu ndani ya mawili ameokoa ushuru mmoja, ujira mmoja na nauli moja, na halmashauri imepunjwa pamoja na mkulima. Kuli naye amevunjika mgongo kwa bei ya zamani. Tunayo Sheria ya Vipimo ya mwaka 1982, na tangu mwaka 2002 tuna Wakala wa Vipimo, na imeagizwa mara nyingi kwamba gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lakini mradi kila malipo njiani yanafuata hesabu ya magunia, kichwa kitaota tena usiku.

Mwaka 2005 Bunge lilipitisha sheria ya stakabadhi za ghala, na ninaiona kuwa hatua kubwa. Mkulima apelekapo mazao ghalani hupewa karatasi yenye uzito na daraja la mzigo, na benki au mnunuzi aliye Dar es Salaam anaweza kuisoma bila kuuona mzigo. Lakini karatasi hiyo ina thamani ile ile ya mizani iliyoitangulia.

Tusijidharau sana, kwani hata wakubwa hupotea hapa. Mwezi Septemba 1999 Wamarekani walipoteza chombo walichokipeleka Mirihi, kwa sababu kundi moja la wahandisi lilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya ratili na kundi jingine likazisoma kama za mfumo wa mita. Namba zilipita kati yao kwa miezi, kila upande ukiamini umeelewa. Na kilo yenyewe, ile ya madini ya platini iliyofungiwa karibu na Paris tangu mwaka 1889 ili dunia nzima ilinganishe nayo, iligunduliwa kwamba haiko sawa kabisa na nakala zake. Tarehe 20 Mei 2019 ilistaafishwa, na kilo sasa hufafanuliwa kwa kanuni ya maumbile isiyoweza kubonyea. Nilipoisikia habari hiyo nililikumbuka debe la mama.

Debe hilo halipo tena. Lilitoboka kutu, likawa la kufugia vifaranga. Wiki iliyopita mtoto wa baba mdogo, ambaye sasa ndiye anayelima shamba lile, alinipigia simu kwa furaha kunijulisha kuwa bei ya gunia la vitunguu imepanda. Nikamwuliza, gunia la kilo ngapi? Akacheka kwanza. Halafu akaniambia nisubiri, akaulize.