Jiwe la almasi la kunolea: ni kitu gani, linafaa kazi gani na linatumiwa namna gani

Kila mwaka mvua za Septemba zikikaribia, milio ya tupa inasikika karibu kila kijiji cha Fizi. Wakulima wananoa mapanga na majembe kabla ya msimu A. Huko Baraka wauza nyama wananoa visu alfajiri, wamama wa samaki wananoa vyao kwenye ngazi ya simenti, na mafundi wa mbao wananoa rabo na siso ndani ya atelieri. Kwa wote hao makali ndiyo kazi yenyewe.

Sasa kuna kifaa kingine kinachouzwa na kuzungumziwa sana na mafundi: jiwe la almasi. Wengine wanaliogopa juu ya jina lake, wakidhani ni mali ya matajiri. Wengine wanalinunua, linaharibika baada ya wiki chache, wanasema wamedanganywa. Makala hii inaeleza jiwe hilo ni kitu gani, linafaa fasi gani, na fasi gani tupa ya kawaida bado inashinda.

Kwa nini makali ni jambo la kufikiria

Panga butu linakula nguvu ya mkulima. Mti uliokuwa wa kukatwa kwa mapigo mawili unahitaji matano, na pigo la tano linatelezea mguuni. Jikoni ni vilevile: kisu kisichokata kinasukumwa kwa nguvu, kinateleza juu ya ganda la muhogo au juu ya magamba ya sangala, kinaishia kwenye kidole. Ndiyo maana mafundi wanasema kisu butu ni hatari kuliko kikali. Kikali kinaenda unapokipeleka.

Kuna pia upande wa mfuko. Panga linalonolewa vibaya linapungua upana haraka, na baada ya misimu michache linabaki jembamba kama kisu. Chuma hicho kilichoanguka chini ni franka zilizotupwa.

Mawe ya zamani na tupa

Njia ya kwanza, ambayo kila mtu anaijua, ni jiwe la mtoni au la pwani ya ziwa. Mawe mengi yanayonoa vizuri yana chembe za kwazi ndani yake. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kilichowekwa mwaka 1812, kwazi ina namba 7. Chuma cha kisu kizuri kiko karibu na hapo. Ndiyo sababu jiwe la mtoni linanoa, lakini polepole, na chuma kigumu kikilikuta kinateleza tu.

Mawe ya dukani, yale ya kijivu au mekundu, yametengenezwa kwa unga mgumu zaidi, wenye namba 9 na kidogo kupita. Yananoa vizuri. Udhaifu wake ni kwamba yanalika katikati, yanakuwa na shimo kama mtumbwi. Siso ikinolewa humo haiwezi tena kuwa na mdomo ulionyooka.

Tupa, ile wengi wanaita lime, inakata chuma kwa meno. Ni ya haraka sana kwa chuma laini kama cha panga na jembe. Lakini kwenye kisu kigumu meno ya tupa yanateleza na kufa.

Jiwe la almasi ni kitu gani hasa

Jina linadanganya kidogo, kwa sababu si jiwe. Ni bamba la chuma, mara nyingi refu kama kiganja au zaidi, lililopakwa chembe ndogo sana za almasi juu yake. Chembe hizo zinashikwa na utando wa nikeli, madini yanayowekwa kwa njia ya umeme ndani ya maji ya dawa. Chembe zinazama nusu ndani ya nikeli, nusu inabaki nje kukata.

Almasi ina namba 10 ya Mohs, yaani hakuna kitu cha asili kinachoipita kwa ugumu. Hakuna chuma cha kisu, siso au shoka kinachoweza kuishinda. Na kwa kuwa bamba lenyewe ni chuma, halilikiki katikati. Linabaki bapa mpaka mwisho wa maisha yake. Mafundi wengine wanalitumia hata kunyoosha mawe yao ya zamani yaliyoshimbika.

Ukubwa wa chembe unaonyeshwa kwa namba. Namba ndogo ni chembe kubwa. Kati ya 200 na 300 ni jiwe la kukwaruza, la kuondoa pengo kwenye makali. Karibu 400 ni la kati. 600 ni laini, linatosha kwa kisu cha jikoni. 1000 au 1200 ni laini sana, la siso na rabo.

Almasi hiyo inatoka wapi?

Mkongomani ana haki ya kujua jambo hili. Almasi za kwanza za Kongo ziligunduliwa Kasai mwaka 1907. Baadaye eneo la Bakwanga, ambalo leo ni mji wa Mbuji-Mayi, likawa chemchemi kubwa ya almasi ya viwanda. Almasi nyingi za huko si zile safi za pete. Ni ndogo, zenye ukungu, zisizopendeza machoni, na zilisagwa kuwa unga wa kukatia na kunolea vyuma. Katika Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vya silaha na mashine vya nchi za Magharibi vilitegemea sana almasi ya Kongo. Kampuni ya MIBA, iliyoundwa mwaka 1961, ndiyo iliyoendelea na machimbo ya Mbuji-Mayi.

Lakini mambo yalibadilika. Desemba 1954, wataalamu wa kampuni ya General Electric ya Marekani walifaulu kutengeneza almasi ndani ya mashine, kwa kukandamiza kaboni kwa joto kali na nguvu kubwa mno, na mwaka 1955 wakautangazia ulimwengu. Leo karibu almasi yote ya viwandani inatengenezwa kwa mashine, na China ndiyo inayoongoza. Kwa hiyo bamba linalouzwa sokoni halina almasi ya Kasai. Hiyo pia ndiyo sababu bei yake si ya kutisha: unga wa almasi ya kiwandani ni rahisi.

Kifaa gani kinolewe na nini

Hapa ndipo watu wengi wanakosea. Jiwe la almasi si dawa ya kila kitu.

- Jembe: tupa inatosha. Udongo na changarawe vitaua makali laini siku hiyohiyo.
- Panga: tupa kwanza, kisha bamba la almasi la namba 400 kwa kumalizia, kama lipo. Kunoa panga lote kwa almasi ni kuchosha mkono na kuharibu bamba.
- Shoka: kama panga, lakini kumalizia ni muhimu zaidi, hasa kwa wachonga mitumbwi na wanaokata vichane vya ngazi.
- Kisu cha jikoni, cha samaki na cha nyama: hapa almasi inashinda.
- Siso na rabo: hapa pia, kwa sababu bamba halina shimo.
- Makasi ya fundi cherehani: bamba dogo linafaa, lakini linanoa upande wa nje wa mshazari tu. Upande wa ndani, ule unaogusana na ulimi wa pili, hauguswi. Ukikwaruzwa, makasi hayatakata tena nguo.

Kunoa kisu, hatua kwa hatua

1. Weka bamba juu ya kitambaa chenye maji ili lisiteleze. Nyunyiza maji kidogo. Tone la sabuni linasaidia. Mafuta hayahitajiki.

2. Tafuta pembe. Kisu cha jikoni kinataka kama digrii 20 kila upande. Namna rahisi ya kuipata: chukua karatasi yenye kona iliyonyooka, kunja kona hiyo mara mbili kwa nusu. Ya kwanza inatoa digrii 45, ya pili 22 na nusu. Hiyo inatosha.

3. Paka masizi ya sufuria kwenye makali. Sukuma kisu mara mbili juu ya bamba, kisha angalia. Kama masizi yametoka mpaka mdomoni kabisa, pembe ni sawa. Yakitoka juu tu, inua mgongo wa kisu kidogo. Yakitoka mdomoni tu, ushushe.

4. Sukuma kisu kama mtu anayetaka kukata tabaka jembamba la bamba, kutoka mwanzo wa makali hadi ncha. Usikandamize. Uzito wa mkono peke yake unatosha. Almasi inakata yenyewe.

5. Endelea upande mmoja mpaka upande wa pili uwe na kitu kama uzi mwembamba wa chuma. Unausikia kwa kidole gumba ukikivuta kutoka mgongoni kwenda nje, kamwe si kwa kukipitisha juu ya makali. Uzi huo ndio ushahidi kwamba chuma kimefika mdomoni. Bila uzi, kazi bado.

6. Geuza, fanya vilevile upande wa pili mpaka uzi urudi.

7. Sasa punguza nguvu. Pitisha mara moja huku, mara moja kule, mara kumi hivi. Maliza kwa kuvuta kisu nyuma juu ya upande wa ndani wa mkanda wa ngozi. Uzi unaanguka.

Jaribio la mwisho ni karatasi au nyanya. Kisu kikali kinaingia kwenye nyanya bila kuisukuma.

Siso, rabo na panga

Siso na rabo zina upande bapa na upande wa mshazari. Kwanza lainisha upande bapa, ukiwa umelala kabisa juu ya bamba. Kazi hiyo inafanywa mara moja tu katika maisha ya kifaa. Kisha noa mshazari kwa digrii 25 mpaka uzi utokee, halafu laza tena upande bapa uondoe uzi.

Kwa panga, lilaze juu ya gogo, makali yakiangalia mbali na mwili. Tupa inakata ikisukumwa mbele tu. Kuivuta nyuma kwa nguvu kunaua meno yake. Na tupa isitumiwe bila mpini. Mkia wake wenye ncha umetoboa viganja vya wengi, wakati gunzi la mahindi lingetosha kuwa mpini. Pembe ya panga iwe pana zaidi, digrii 25 hadi 30, ili makali yasimeguke yakigonga mti mgumu.

Makosa matatu yanayoua kifaa

La kwanza ni kukandamiza. Bamba jipya linakwaruza sana siku za mwanzo, kisha linatulia. Watu wengi wanadhani limeisha, wanaongeza nguvu, na hapo ndipo chembe zinang'oka kutoka kwenye nikeli. Chuma laini kinazing'oa haraka zaidi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanza panga kwa tupa.

La pili ni kuliacha na maji. Lioshe, lifute, likauke. Kutu inaingia chini ya nikeli na kuiinua.

La tatu halihusu almasi bali mashine ya umeme ya kunolea. Kisu kikipata rangi ya buluu kwenye makali, kimepita joto la digrii 290 hivi, na chuma cha kawaida hapo kinapoteza ugumu wake. Kitakuwa kikali siku moja na butu kesho. Visu na mapanga ya wahunzi yaliyofuliwa kwa resoru za gari yanaharibika vilevile. Kunoa kwa mkono hakuleti joto hilo.

Kabla ya kununua

Lete rula iliyonyooka dukani, isimamishe juu ya bamba, angalia mwanga chini yake. Bamba lililopinda ni la kuacha. Pitisha ukucha pembeni: utando unaobanduka ni dalili mbaya. Angalia pia kama chembe zimeenea sawasawa au kuna madoa matupu. Ambaye ana pesa ya bamba moja achukue la namba 400 au 600. Na majirani watatu wanaweza kuchanga na kununua moja zuri, kuliko kila mmoja kununua bovu.

Usalama

Unga wa chuma usipulizwe kwa mdomo, unaingia machoni. Uoshwe kwa maji, na kisu kioshwe kabla ya kugusa chakula. Watoto wakae mbali.

Mtu akijikata, abane jeraha kwa kitambaa safi mpaka damu isimame, kisha alioshe kwa maji safi na sabuni. Udongo au majani yasiwekwe juu yake. Pepopunda inakaa kwenye udongo, na panga la shamba limejaa udongo. Jeraha la kina, au la mtu asiyejua chanjo yake ya mwisho, liende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama linaonekana dogo.

Mwenye tupa nzuri na jiwe la mtoni hana haja ya kuona aibu. Kwa jembe na panga bado yuko sawa. Lakini kwa kisu cha mama wa samaki, kwa siso ya seremala na makasi ya fundi cherehani, bamba la almasi likitunzwa linaweza kufanya kazi miaka mingi.