Motokari ya pamba

Je, pamba yaweza kuwa motokari? Baada ya vita iliyokwisha mwaka 1945, Ujerumani ya Mashariki ilikosa mabati ya chuma. Basi mafundi wa mji wa Zwickau walitwaa mabaki ya pamba, wakayachanganya na gundi ya plastiki, wakayakandamiza kwa mashine na moto. Hivyo mwaka 1957 ikazaliwa Trabant: mifupa yake chuma, ngozi yake plastiki, uzito wake kama kilo 600 tu. Hata injini ya nguvu za farasi 18 iliweza kuikokota, wala ngozi ile haikupata kutu. Ilikoma kutengenezwa mwaka 1991. Hapo shida ikaonekana: plastiki hiyo haiyeyuki kama chuma ili itumike tena. Basi fundi mwenye busara hufikiri pia mwisho wa kazi yake.