Rangi za msingi

*Nomino, ngeli ya [i-/zi-].* Rangi chache ambazo zikichanganywa kwa viwango mbalimbali huzaa rangi nyingine nyingi.

Ufafanuzi. Neno *rangi* hubeba dhana mbili: sifa inayoonwa na jicho, na kitu kinachopakwa ukutani. Kwa hiyo sentensi "rangi za msingi ni nyekundu, manjano na buluu" haijakamilika mpaka itaje kinachochanganywa.

Mwanga. Katika skrini ya simu au televisheni, rangi za msingi ni nyekundu, kijani na buluu. Hapa mwanga hujumlishwa: mwekundu na wa kijani huzaa manjano, yote mitatu kwa viwango vinavyolingana huzaa mweupe. Msingi wa utatu huu ni jicho la binadamu, lenye aina 3 za seli za kupambanulia rangi. Mwaka 1861, jijini London, James Clerk Maxwell aliunda picha ya rangi kwa kumulika pamoja picha 3 zilizopigwa kupitia vichujio vya rangi hizo.

Wino. Wino hauongezi mwanga, huufyonza. Siani hufyonza mwanga mwekundu, majenta hufyonza wa kijani, na manjano hufyonza wa buluu. Siani na manjano zikipandana juu ya karatasi nyeupe, mwanga unaosalia kulifikia jicho ni wa kijani. Wachapaji huongeza wino mweusi, kwa kuwa mchanganyiko wa zile tatu hautoi weusi uliokolea.

Rangi za kupaka. Nyekundu, manjano na buluu ni mapokeo ya wachoraji. Kanuni yake ni ileile ya kufyonza. Ndiyo maana nyekundu na kijani, zinazozaa manjano katika skrini, huzaa rangi ya udongo katika kibao cha mchoraji. Jibu moja la mwanafunzi laweza kuwa sahihi katika fizikia na kosa katika sanaa.

Matumizi. Taja daima kinachochanganywa: *rangi za msingi za mwanga*, *za wino*, *za kupaka*. Kwa michakato yenyewe, *mchanganyiko wa kujumlisha* na *mchanganyiko wa kutoa* hueleweka, kwani maneno hayo yamezoeleka katika hesabu.

Tanbihi kwa wafasiri. Usitumie *samawati* badala ya *siani*. Wasemaji wengi huita samawati kile ambacho wengine hukiita buluu. Katika matini ya uchapaji, rangi mbili tofauti zitageuka moja.

Upatanisho. *-ekundu*, *-eupe* na *-eusi* hufuata ngeli: *mwanga mwekundu*, *wino mweusi*. Nyingine huhitaji kiunganishi cha *-a*: *mwanga wa kijani*, *wino wa manjano*.