Neno la leo: Stima

Changamwe, huku Pwani, hutasikia sana watu wakisema umeme umekatika. Utasikia "stima imepotea". Neno hili tulilitoa kwa Waingereza likihusiana na mvuke, na wazee wa Pwani waliita stima zile meli zilizoendeshwa kwa mvuke.

Mvuke huo bado upo. Olkaria, karibu na Naivasha, unatoka ardhini na kuzungusha mitambo inayotoa fungu kubwa la stima ya Kenya. Lakini kwetu Kipevu, injini za stima huchoma mafuta mazito yaliyoletwa na meli. Kituo cha Kipevu III, kilichozinduliwa 2011, kina uwezo wa megawati 120. Moshi wake ni wa majirani wa Kipevu, na gharama ni ya kila mtu: ukinunua tokeni, soma ule ujumbe wa simu, utaona tozo ya mafuta imesimama peke yake.

Tangu 2022 Kenya inanunua stima ya maji kutoka Ethiopia, ikianza na megawati 200, kwa laini inayoishia Suswa. Laini nyingine inatuunganisha na Tanzania. Wapo wanaosema tusitegemee jirani, na hofu yao ina msingi, maana ukame hauna mpaka. Ila mafuta ya Kipevu nayo si yetu. Kati ya mto wa jirani na kisima cha mafuta cha ng'ambo, mimi nachagua jirani, na Kipevu iwashwe siku ya dharura tu.