Kazi ya Bustani na Ujira wa Mwenye Ulemavu wa Akili

Huku kwetu Pwani bado wapo wazazi wanaomficha ndani mtoto mwenye ulemavu wa akili. Anayebahatika kutoka huitwa shambani, akashinda juani, na jioni akalipwa sahani ya wali. Mimi naiita hiyo dhulma.

Ulemavu wa akili si wazimu. Ni uzito wa kuelewa na kujifunza, nao huanza utotoni. Kilimo cha bustani humfaa mtu huyu kwa sababu kazi zake hujirudia na hugawika: kujaza udongo viribani, kumwagilia miche, kupalilia, kuchuma mchicha. Muonyeshe kwa vitendo, hatua moja moja. Usimwambie apande sukuma wiki kila sentimita 45. Mkatie kijiti cha urefu huo apimie. Dawa za wadudu na zifungiwe kabatini.

Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya malipo yanayostahili, naye hakutengwa. Ndugu msomaji, ikiwa miche aliyoipanda inamea sawa na ya wenzake, ujira wake upungue kwa nini?